Jeshi la Marekani lilitafuta bastola yenye nguvu zaidi, mbona likarudi na milimita 9 ileile?

Kuna sentensi imekuwa ikizunguka kwenye magrupu na vijiweni, kwamba jeshi la Marekani limeitupa bastola yake ya siku zote, Beretta M9, kwa sababu ilikuwa dhaifu, sasa limechukua nyingine yenye nguvu zaidi. Julai 2025 ikafufuka upya baada ya kamandi moja ya jeshi la anga la huko kusimamisha kwa muda matumizi ya hiyo bastola mpya, M18 ya kampuni ya SIG Sauer, na hapo mchanganyiko ukazidi, huyu anasema inatoboa buletpruf, yule anasema ukipigwa nayo unarushwa mpaka ukutani, mwingine anasema dola milioni 580 zimeishia kwenye vibastola. Naomba tulifungue fundo hili taratibu, maana ukweli wake unashangaza kuliko uvumi. Jeshi lilianza safari kweli likitafuta nguvu zaidi, likatumia miaka kupima na kubishana, halafu likanunua bastola inayopiga risasi ya kipenyo kilekile cha ile ya zamani, milimita 9. Na kwa maoni yangu halikukosea.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Risasi nzima, ile unayoipakia kwenye magazini, ina ganda la shaba, baruti ndani yake, kiwashio kitakoni, na kichwa mbele. Kinachotoka mtutuni na kwenda kumpiga mtu ni kichwa peke yake, ganda tupu linarushwa pembeni. Kaliba ni kipenyo cha hicho kichwa. Wazungu wa Ulaya wanakipima kwa milimita, Wamarekani wanapenda inchi, kwa hiyo ukisikia .45 ujue ni sehemu 45 za inchi moja iliyogawanywa mara 100, sawa na milimita 11.4 hivi. Na bastola ya kawaida ya jeshi ni ile inayogawiwa kwa kila anayestahili kubeba, rubani, askari wa kifaru, polisi wa jeshi, afisa, daktari. Makomando mara nyingi wana utaratibu wao.

Sasa hiyo nguvu yenyewe. Watu wanadhani nguvu inakaa kwenye bastola, lakini bastola ni chombo cha kushikilia na kuongoza tu, nguvu inatoka kwenye risasi, yaani kichwa kina uzito gani na kinaenda kwa mwendo gani. Na kati ya hivyo viwili mwendo ndio bosi. Chukua kokoto moja umrushie ndege kwa mkono, halafu irushe hiyohiyo kwa manati, uzito haujaongezeka hata chembe, kilichobadilika ni mwendo tu, na kila mtoto aliyekulia kijijini anajua ipi inaangusha ndege. Kihesabu iko hivi, ukiongeza uzito mara mbili nishati inaongezeka mara mbili, ukiongeza mwendo mara mbili nishati inaongezeka mara nne.

Weka namba uone. Kichwa cha milimita 9 ya kijeshi kina gramu 7 hadi 8 na kinatoka kwa mita kama 380 kwa sekunde, nishati yake ni jouli (kipimo cha nishati) 500 na ushee. Kichwa cha .45 kina gramu 15, karibu mara mbili ya mwenzake, lakini kinaenda polepole, mita kama 255 kwa sekunde, nishati yake ni jouli kama 490. Yaani ile .45 ambayo watu wanaiimba kwamba ni mzinga, kwa nishati iko palepale na milimita 9, pengine chini kidogo. Halafu linganisha na bunduki tunazozijua huku kwetu. AK inatoa jouli kama 2,000. Ile G3 ambayo askari wa Kenya wameibeba miaka na miaka inapita 3,000. Kwa hiyo ukipanga silaha za askari kwa nguvu, bastola zote zinakaa mkiani pamoja, na ubishi wa ipi ni kali zaidi ni ubishi wa hukohuko mkiani.

Ubishi huu ulikotoka

Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani ilikuwa inaikalia Ufilipino, na kusini mwa visiwa hivyo ilikutana na Wamoro, Waislamu waliokuwa wanatetea ardhi yao kwa mapanga na ujasiri usio wa kawaida. Askari wa Marekani walikuwa na bastola za .38 za kuzungusha silinda, na ripoti zikaanza kurudi kwamba mtu anapigwa risasi kadhaa na bado anakuja mpaka anamfikia askari. Jeshi likashtuka. Mwaka 1904 likawatuma maafisa wawili, Thompson na LaGarde, wakafanye majaribio, nao wakaenda kwenye machinjio ya Chicago wakawapiga risasi ng'ombe wakiwa hai na pia wakapiga maiti za binadamu, kisha wakaandika kwamba bastola ya jeshi isiwe chini ya .45.

Majaribio yale yalikuwa madogo na hayakuwa na mpangilio ambao leo mtu angeuita wa kisayansi, ng'ombe wachache, risasi za aina mbalimbali, matokeo yanayogongana. Lakini hitimisho lake likageuka kama aya ya kitabu kitakatifu, na mwaka 1911 jeshi likachukua bastola ya .45 iliyobuniwa na John Browning, maarufu kama M1911, risasi 7 kwenye magazini, uzito zaidi ya kilo moja. Ilipigana vita vya kwanza vya dunia, vya pili, Korea na Vietnam. Bastola ikikaa miaka zaidi ya 70 kiunoni mwa jeshi la nchi kubwa hivyo inageuka kuwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yanayosukuma nusu ya kelele unazozisikia mpaka leo kila milimita 9 inapotajwa.

Mwaka 1985 ndipo mapenzi yalipovunjwa. Washirika wa Marekani kwenye NATO, muungano wao wa kijeshi, walikuwa wanatumia milimita 9, risasi iliyobuniwa Ujerumani na Georg Luger mwanzoni mwa karne hiyohiyo, na ukipigana vita pamoja na wenzako unataka boksi la risasi la Mwitaliano au Muingereza liingie kwenye silaha yako bila kuuliza. Basi Marekani ikachukua Beretta ya Italia, ikaipa jina M9. Magazini yake ikabeba risasi 15, zaidi ya mara mbili ya M1911.

M9 haikupendwa na wote, na malalamiko mengine yalikuwa ya haki kabisa. Miaka ya 1980 kuna bastola ambazo slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka, ilikatika na kumrudia mpigaji usoni, ikabidi muundo urekebishwe. Iraq ikaja na vumbi lake, na magazini zilizonunuliwa kwa mtengenezaji mwingine wa bei nafuu zikawa zinakwama mchangani kwa sababu ya rangi ya kukwaruza iliyopakwa ndani. Sefti yake, ile swichi ya kuizuia isifyatuke, iko juu kwenye slaidi, mahali ambapo kidole kinaweza kuigusa bila kukusudia wakati unaikoki. Mpini wake ni mnene, mwenye mkono mdogo anahangaika nao. Na triga yake ina tabia mbili, risasi ya kwanza unavuta mzigo mzito na mrefu, zinazofuata ni nyepesi, kwa hiyo askari asiyefanya mazoezi ya kutosha anapoteza ile ya kwanza kabisa, ambayo ndiyo anaihitaji kuliko zote.

Ukiyasoma tena malalamiko hayo utaona hakuna hata moja linalohusu ukubwa wa risasi, ni slaidi, vumbi, sefti, mpini na triga. Ila askari aliyetoka vitani hakuandikii ripoti ya triga, anasema tu "bastola hii haina nguvu, nirudishieni .45", na mwandishi wa habari anachukua sentensi hiyo anaiweka kwenye kichwa cha habari.

Safari ya kutafuta nguvu

Mwaka 2014 jeshi la nchi kavu likatangaza kwamba linataka bastola mpya, na kweli maafisa wake walisema wazi kuwa wanatafuta kitu kinachopiga kwa nguvu kuliko M9. Hapo ndipo habari yetu ilipozaliwa. Beretta wakajaribu kuokoa jahazi kwa kuleta M9 iliyoboreshwa, jeshi likaikataa. Agosti 2015 tenda ikatoka rasmi, na kitu ambacho wengi hawakukiona ni kwamba jeshi halikulazimisha kaliba, kila kampuni ilete inachoamini ni bora, iwe milimita 9, iwe .40, iwe .45.

Makaratasi ya tenda yenyewe yalikuwa zaidi ya kurasa 350. Seneta John McCain akapiga kelele, na mkuu wa jeshi la nchi kavu wakati huo, Jenerali Mark Milley, Machi 2016 akalalamika hadharani kwamba majaribio yatachukua miaka miwili na kula dola milioni 17 kwa teknolojia ambayo kila mtu anaijua tayari, akasema apewe hizo milioni 17 apige simu duka la silaha usiku huohuo atawanunulia askari wote bastola na punguzo juu. Alikuwa na hoja, sikatai, serikali yoyote inaweza kuzama kwenye makaratasi.

Lakini wakati jeshi linaandika kurasa zake, jibu la swali la nguvu lilikuwa tayari linapatikana kwa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, nao waliligharamia kwa damu. Aprili 1986 mjini Miami maajenti wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili. Mapema kabisa ajenti mmoja alimpiga jambazi mmoja risasi ya milimita 9, ikapita mkononi ikaingia kifuani ikaelekea kwenye moyo, na ikasimama sentimita mbili tatu kabla ya kuufikia. Yule mtu alikuwa na jeraha la kumuua na hatimaye alikufa, lakini aliendelea kupigana, na maajenti wawili wakauawa, watano wakajeruhiwa.

FBI ikasema milimita 9 imetuangusha. Ikakimbilia risasi ya milimita 10, ikaona inaruka sana mkononi na maajenti wengi hawaimudu, ikashuka kwenye .40 iliyotoka mwaka 1990, na polisi wengi wa Marekani wakafuata. Wakati huohuo ikaanza kupima risasi kwa utaratibu, unapiga kwenye jeli nzito iliyotengenezwa ifanane na nyama ya mwili, na risasi inayofaa lazima izame kati ya inchi 12 na 18, sentimita 30 hadi 45. Watengenezaji wakashindana kufikia kipimo hicho. Miaka ikapita, vichwa vya risasi vikaboreka, na mwaka 2014 kitengo cha mafunzo cha FBI kikaandika kwamba milimita 9 za kisasa zinazama na kutanuka kiasi ambacho tofauti yake na .40 na .45 kwa mtu aliyepigwa haionekani, ila maajenti wanalenga vizuri zaidi na haraka zaidi wakiwa na milimita 9. Wakarudi walikotoka, baada ya karibu miaka 30.

Tatizo la Miami lilikuwa kina cha jeraha, risasi haikuzama vya kutosha, na kipenyo hakikuwa na kosa pale.

Kwa nini mahali inapopiga ni muhimu kuliko ukubwa

Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndiyo roho ya mambo yote. Sinema zimetufundisha kwamba mtu akipigwa risasi anarushwa nyuma. Haiwezekani, na ushahidi uko mikononi mwa mpigaji, kwa sababu msukumo unaoenda mbele na kichwa cha risasi ni uleule unaorudi nyuma kwenye viganja vyake, kwa hiyo kama ingeweza kumrusha anayepigwa ingemrusha na anayepiga. Piga hesabu ya .45, gramu 15 kwa mita 255 kwa sekunde ikimpiga mtu wa kilo 80, unapata mwendo wa sentimita 5 kwa sekunde. Hata hasogei. Watu wanaanguka kwa mshtuko, kwa maumivu, kwa mfupa uliovunjika, au kwa sababu akili imeamua kwamba nimepigwa, na wengine hawaanguki kabisa na hawajui kwamba wamepigwa mpaka baadaye.

Kinachomsimamisha binadamu papo hapo ni kuguswa kwa ubongo au sehemu ya juu ya uti wa mgongo. Nje ya hapo ni damu kupungua, na hiyo inachukua muda. Hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo una oksijeni ya kumwezesha mtu kufanya jambo kwa sekunde 10 mpaka 15. Sekunde 15 kwenye mapambano ya karibu ni muda mrefu mno, na haya siyaandiki ili kufurahisha mtu, nayaandika kwa sababu ukiyaelewa unaelewa pia kwa nini askari wa Marekani kule Ufilipino waliona watu wanaendelea kuja, kwa nini Miami ilitokea, na kwa nini milimita 2.4 za tofauti kati ya milimita 9 na .45 hazikuweza kubadilisha lolote kubwa.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mnunuzi wa jeshi. Una risasi ndogo inayoruka kidogo mkononi, askari anairudisha kwenye shabaha haraka, magazini inabeba nyingi, bei yake nafuu kwa hiyo mazoezi yanakuwa mengi, na washirika wote wa NATO wanayo. Upande wa pili una risasi nene zaidi kidogo, inaruka zaidi, inabeba chache, bei ghali. Askari wengi wanaobeba bastola hawaipigi kila siku, ni madaktari, marubani na madereva. Ukiuliza ipi itampa huyo daktari nafasi ya kupiga panapotakiwa, jibu linajileta.

Ndivyo ilivyotokea. Tarehe 19 Januari 2017 tenda ikaenda kwa SIG Sauer, kwa bastola yao ya P320 ya milimita 9, ambayo jeshini inaitwa M17 kwa ile ndefu na M18 kwa ile fupi. Novemba mwaka huo askari wa divisheni ya 101 pale Fort Campbell, Kentucky, wakawa wa kwanza kupewa. Magazini yake ya kawaida ina risasi 17, ndefu ina 21. Triga yake ni ileile kutoka risasi ya kwanza mpaka ya mwisho, sefti imeshuka kwenye fremu, ina reli ya kufungia tochi, na mpini unabadilishwa kulingana na mkono wa mtu, mdogo, wa kati au mkubwa. Kwa mwanajeshi mwanamke mwenye kiganja kidogo ambaye M9 ilimtesa, hicho cha mwisho kinazidi kaliba yoyote.

Hata wale waliong'ang'ania .45 wameachia. Marine, askari wa majini wa Marekani, mwaka 2012 walinunua toleo jipya la M1911 kwa ajili ya vikosi vyao maalumu, miaka michache baadaye vikosi hivyo vikaenda kwenye Glock, bastola ya kampuni ya Austria, ya milimita 9, na Marine wote sasa wanapewa M18. Uingereza mwaka 2013 iliiacha Browning yake ya milimita 9 iliyokuwa na risasi 13 ikachukua Glock 17, milimita 9 vilevile. Ufaransa mwaka 2020 nayo ikachukua Glock 17.

Mambo yanayochanganywa

Kuhusu dola milioni 580, hicho ni kiwango cha juu kabisa cha mkataba wa miaka 10, ndani yake zimo bastola, vifaa vyake na risasi, na jeshi la nchi kavu peke yake lilipanga kuchukua zaidi ya bastola 280,000. Glock walikata rufaa baada ya kushindwa, ofisi ya ukaguzi ya serikali ikaitupa Juni 2017, na kwenye uamuzi huo ikajulikana kwamba bei ya SIG ilikuwa chini ya ya Glock kwa zaidi ya dola milioni 100. Kwa hiyo pesa ndiyo iliyosukuma uamuzi kwa kiasi kikubwa, kitu ambacho anayezungumzia nguvu peke yake hakitaji.

Kuhusu buletpruf, fulana za kawaida za polisi zimetengenezwa kusimamisha risasi za bastola, za milimita 9 na .45 zote mbili, na kichwa kinene kinachoenda polepole ndicho kinachosimama kirahisi zaidi. Kutoboa kunataka mwendo na chuma kigumu ndani ya kichwa, haitaki unene.

Kuna pia watu wanaochanganya habari mbili tofauti kwa sababu kampuni ni moja. Aprili 2022 SIG Sauer hiyohiyo ilishinda tenda nyingine, ya bunduki kubwa, inayoitwa M7, ya milimita 6.8. Huko ndiko jeshi liliongeza nguvu kwelikweli, risasi ni mpya, msukumo wa ndani umepanda mpaka ganda likawekewa kitako cha chuma ili lihimili, na sababu iliyotajwa ni vazi la kinga la kisasa la adui. Ukisikia mtu anasema SIG wametengeneza silaha inayotoboa buletpruf, anazungumzia hiyo.

Na si kila milimita 9 ni sawa. Makarov ya Kirusi iliyoingia jeshini mwaka 1951 inaitwa milimita 9, lakini ganda lake lina urefu wa milimita 18 badala ya 19, kichwa chake kwa kweli ni milimita 9.27, na nishati yake ni jouli kama 300 tu. Risasi zake haziingiliani na za NATO. Urusi ilipochukua bastola ya Yarygin mwaka 2003 ilihama kutoka milimita 9 kwenda milimita 9, jina halikubadilika, lakini nguvu ilipanda sana. Mfano huu peke yake unatosha kuonyesha kwamba kuangalia kipenyo pekee hakukuambii kitu.

Lile la Julai 2025 ni la usalama. Mwanajeshi mmoja alikufa kwenye kambi ya F.E. Warren, Wyoming, tukio likihusisha M18, kamandi ya makombora na ndege za mashambulizi ikasimamisha matumizi mpaka bastola zikaguliwe. Agosti mtu mmoja akakamatwa kuhusiana na kifo hicho na baada ya ukaguzi bastola zikarudishwa kazini. Wasiwasi wenyewe una historia, mwaka 2017 ilionekana kwamba P320 za kiraia zikianguka kwa pembe fulani zinaweza kufyatuka, kampuni ikatoa marekebisho, na huko mahakamani kuna kesi nyingi za watu wanaodai bastola zao zilifyatuka zenyewe, kampuni inakanusha. Swali hilo ni zito na linastahili majibu, ila kaliba haihusiki nalo.

Nguvu iliyoongezeka kimyakimya

Nimesema jeshi lilibaki na milimita 9, lakini kuna kitu kilibadilika kwenye risasi, na kwangu hiki ndicho kilistahili vichwa vya habari. Pamoja na M17 jeshi lilichukua aina mbili mpya za risasi. Moja, M1152, ni ya kawaida, kichwa kimefunikwa shaba chote. Nyingine, M1153, kichwa chake kina tundu mbele, kikiingia kwenye mwili kinachanua na kuwa kipana kuliko kilivyoingia, jeraha linakuwa kubwa na risasi haitokezi upande wa pili kirahisi. Hapo ndipo nguvu waliyoitafuta tangu 2014 ilipopatikana, kwenye umbo la kichwa.

Polisi duniani wanazitumia risasi za namna hii kwa hoja kwamba hazimpiti mhalifu zikampata mpita njia, na hoja hiyo ina uzito mtaani. Vitani mambo ni tofauti. Tangu azimio la Hague la mwaka 1899 mataifa yalikubaliana kutotumia risasi zinazochanua dhidi ya majeshi ya wenzao, baada ya Waingereza kuzitengeneza pale Dum Dum karibu na Kolkata, ndiyo maana mpaka leo zinaitwa dumdum. Marekani haikujiunga na azimio hilo, ingawa kwa miongo mingi jeshi lake lilizikwepa.

Na hapa jambo linafika mpaka kwetu. Mkataba wa Roma ulioanzisha mahakama ya ICC unaziweka risasi hizi kwenye orodha ya uhalifu wa kivita kati ya nchi na nchi, na Uganda na Tanzania waliuridhia mwaka 2002, Kenya mwaka 2005. Mwaka 2010 nchi wanachama zilikutana Kampala, zikapitisha marekebisho yanayosogeza katazo hilo mpaka kwenye vita vya ndani ya nchi, kwa zile zitakazoyaridhia. Jeshi la nchi mwanachama likitaka kununua bastola ya milimita 9 mfano wa M17 hakuna wa kulizuia, kwenye kuagiza boksi za risasi ndipo wanasheria wake watakapotakiwa kukaa mezani.